Mwaka Nilipokuwa Ulimi wa Nyumba

Watu waliokuja kumzika Mama Salma walimsifu kwa mambo mengi, na karibu yote yalikuwa kweli. Walimsifu kwa swala zake, kwa duka lake la vitenge ambalo lilifunguliwa hata siku ambazo mji mzima ulijifungia ndani, kwa namna alivyoweza kukufukuza na kukukaribisha chai kwa pumzi moja. Hakuna aliyemsifu kwa samaki wa ndimu. Nilikaa kwenye mkeka wa wanawake, mtandio kichwani, rozari yangu ndani ya mkoba, mimi Mkatoliki wa Mutanga Nord, na nikanuna. Mimi ni mtu wa kununa, wanangu watakuambia. Nilitaka mtu mmoja tu aseme kwamba mwanamke yule alijua kuivisha samaki bila moto, na kwamba aliwahi kulisha nyumba kwa bakuli moja la kioo wakati makaa yalipoacha kushuka kutoka milimani. Hakuna aliyesema, na mimi mwenyewe sikufungua mdomo. Nilirudi nyumbani nikakaa na jambo hilo kifuani wiki mbili, mpaka Ramadhani ikaingia na Salma akanipigia simu. "Odette, kuja tufuturu. Nimepata sangala." Nikaenda. Nilichokiona jikoni kwake alasiri ile nitakifikia, lakini kwanza lazima nirudi mwaka ule, maana bila huo hakuna maana yoyote katika mwanamke mtu mzima kutema mate kwenye karo.

Sitasimulia nilivyofika Kibenga, nyumbani kwa kina Salma. Kila aliyeishi Bujumbura miaka ile ya vita ana hadithi yake ya kukimbia, na yangu haizidi za wenzangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikisoma darasa moja na Salma. Nyumba yetu ya Gihosha ilikuwa haina mtu tena, na wazazi wangu walikuwa ng'ambo ya mpaka, wazima au la, hakuna aliyejua. Mama Salma alisema nikae wiki mbili mpaka njia zitulie. Ulikuwa mwaka wa vikwazo, nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, na mume wake alikuwa amekwama Kigoma na mizigo yake. Njia hazikutulia. Nikakaa mwaka.

Nyumba ile babu yake Salma aliyetoka Omani hakuijenga, yeye alijenga ya mjini. Ya Kibenga aliijenga Baba Salma, akaipa kuta nene na madirisha madogo, isipokuwa dirisha la jikoni ambalo mkewe alilipigania likawa kubwa, likatazama ziwa na milima ya Kongo. Mimi na Salma tulilala chumba cha nyuma, kati ya majora ya vitenge yaliyohamishwa kutoka dukani kwa kuogopa waporaji. Yalipangwa mpaka darini, na chumba kizima kilinuka wanga wa kitambaa kipya. Mpaka leo nikiingia duka la nguo napata usingizi. Ukuta wa chumba kile ulipakana na sebule, na majora hayakuzuia sauti, kwa hiyo mengi niliyoyajua kuhusu maisha yangu mwaka ule niliyasikia nikiwa nimelala chali, nikihesabu maua ya kitenge.

Ndivyo nilivyomsikia kwa mara ya kwanza Mjomba Nassor, kaka mkubwa wa Mama Salma, mtu mrefu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na woga mwingi wa mambo ya kweli. "Zuwena," alimwambia dada yake, "uyu mutoto wa watu atakaa mpaka lini? Askari wanapita nyumba kwa nyumba, wanauliza nani analala wapi. Wakikuuliza uyu ni nani, utasema nini?" Mama Salma akajibu kwamba atasema ni mtoto wa nyumba. "Mutoto wa nyumba gani anaitwa Odette?" akauliza Mjomba. Kisha nikasikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani. "Mi sisemi umufukuze," Mjomba akaendelea. "Parokia kule Mutanga Nord wanapokea watu. Nitamupeleka mi mwenyewe, na gari yangu. Fikiri." Mama Salma akasema atafikiri. Mimi nilimjua Mama Salma kwa mwezi mmoja tu, lakini nilijua kwamba alikuwa mwanamke anayetimiza analosema, na kama alisema atafikiri basi angefikiri.

Nilikuwa nimelelewa kwa methali ile, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na nyumba ile ilikataa kunipa jembe. Nikishika ufagio, Salma aliuchukua. Nikianza kufua, nilikuta beseni tupu, nguo zimeshaanikwa. Walifanya hivyo kwa wema, na wema ule uliniuma, kwa sababu sikupenda kuonewa huruma, na sipendi mpaka leo. Jembe nililojitafutia likawa kutokula. Niliona kwamba mtu asiyekula hagharimu kitu, na asiyegharimu kitu hafukuzwi. Hesabu za mtoto, lakini nilizishika kwa ukaidi. Asubuhi nilisema nimeshiba, mchana nilisema sijisikii, na jioni nilizungusha kijiko mpaka wengine wamalize. Kisha malaria ikanishika, nikapewa kwinini siku saba, na nilipoinuka kitandani nilikuwa nimebaki mifupa na masikio, tena ulimi wangu ulikuwa umekufa. Chai, uji, maharage, vyote vilikuwa karatasi mdomoni. Sikumwambia mtu. Ningewaambia nini? Kwamba mgeni wao sasa amekuwa na ugonjwa mwingine?

Sasa nije kwenye samaki. Miaka michache kabla ya vita, dukani kwa Mama Salma alikuwa akija mwanamke mmoja wa Peru, mke wa mtaalamu wa kahawa, mpenda vitenge vya manjano. Walikuwa wakielewana kwa Kifaransa kibovu cha pande zote mbili. Siku moja alimfundisha jinsi kwao wanavyoivisha samaki kwa ndimu tu. Aliita seviche. Mama Salma alilijaribu neno hilo mara mbili, akaliacha, akaita samaki ya ndimu. Wageni walipoondolewa nchini yule mama akaondoka pamoja nao, chakula chake kikabaki, na hakuna aliyekitilia maanani mpaka makaa yalipokosekana. Barabara za milimani zilikuwa hazipitiki na umeme ulikuja ukipenda. Tuliwasha moto mara moja kwa siku, kabla ya kupambazuka, tukachemsha kila kilichohitaji kuchemshwa: maharage, viazi vitamu, maji ya kunywa. Baada ya hapo jiko lilikuwa baridi mpaka kesho. Lakini siku ambazo askari waliwaruhusu wavuvi kuingia ziwani, ufukweni palipatikana sangala, samaki wa ziwa mwenye minofu minene, na ndimu haihitaji makaa.

Kazi yenyewe iliniingia mikononi, na ninaweza kuifanya nikiwa nimefumba macho. Samaki anunuliwe asubuhi, macho yake yakiwa bado maangavu. Atolewe minofu, na miiba midogo ing'olewe mmoja mmoja. Sisi tulitumia kibanio cha nyusi cha Salma, ambaye alilalamika kwa mwaka mzima kwamba nyusi zake zinanuka ziwa. Minofu ikatwe vipande vidogo vya kutosha mdomo mmoja. Bakuli liwe la kioo, kamwe si sufuria ya alumini, maana ndimu inakula sufuria na samaki anabaki na ladha ya chuma. Kitunguu kikatwe chembamba sana, kioshwe kwa maji ya chumvi. Pilipili moja ya kwetu, ile ndogo isiyo na huruma. Dania kutoka kopo lililokuwa dirishani. Ndimu zikamuliwe baada ya alasiri, mbegu zibaki kati ya vidole. Kisha unangoja, unaangalia nyama ile inayong'aa ikianza kuwa nyeupe kutoka pembeni kwenda ndani. "Inaiva," Mama Salma alikuwa akisema, kana kwamba kuna moto chini. Siku hizi nasikia madaktari wakisema samaki wa maji baridi asiliwe hivyo hivyo, lazima kwanza agandishwe kwa siku kadhaa. Sisi tulikula, na Mungu alikuwa na mambo makubwa zaidi ya kutuadhibu nayo.

Siku ya kwanza ya Ramadhani Mama Salma aliniita jikoni akafunga mlango. Alikuwa mwanamke mnene wa mikono midogo, na aliposema jambo la maana aliikunja mikono yake tumboni kama anayebeba yai. "Odeta," akasema, "mi niko na shida."

"Shida gani, Mama Salma?"

"Sisi wote tunafunga. Mi, Salma, Hemedi." Hemedi alikuwa kaka yake Salma, aliyeshinda dukani. "Hakuna mwenye anaweza onja. Na hii samaki ya ndimu, kama hauonji, inaharibika. Ya moto unakadiria tu. Hii apana. Nyumba inataka ulimi. We haufungi. Utatusaidia?"

Nilitazama ziwa kupitia dirisha lile kubwa ili asione uso wangu. Jembe lilikuwa limekuja, hatimaye, na lilikuwa jembe pekee duniani ambalo sikuweza kulishika. Nilisema, "Ego, ndiyo, Mama Salma, nitaweza." Nilidanganya bila kupepesa, na ningedanganya tena.

Hivyo nikawa ulimi. Kila alasiri nilisimama kwenye meza ya jikoni na Salma akanipa kijiko. Mara ya kwanza nilichukua kipande kimoja, nikatafuna karatasi yangu, nikasema, "Iko sawa." Nilitaka kuweka kijiko chini. Mama Salma akatikisa kichwa. "Kijiko moja haijui kitu," akasema. "Ya kwanza ni ya kushituka. Ya pili ni ya kuzoea. Ya tatu ndiyo inasema ukweli. Ongeza ingine." Nikaongeza. "Sasa na kiazi, maana tutakula na kiazi. Lazima ujue zinapatana." Nikala kiazi kitamu kilichochemshwa alfajiri. "Na avoka." Nikala avokado. Baadaye akaanza kuniletea vitu ambavyo hata mimi niliona havihitaji ulimi. Embe: nionje kama limeiva. Uji uliobaki: nionje kama haujachacha. Nani duniani anaonja ndizi? Lakini alikuwa mwenye nyumba na mimi nilikuwa na kazi yangu, na mtu mwenye kazi haulizi sana. Nilionja mchana kutwa, wao wakiwa na midomo mikavu, wakinitazama bila hata kumeza mate. Kila siku nilisema iko sawa. Ndimu niliihisi kwenye michubuko ya midomo tu, ikichoma, na kwa kuchoma kule nilikisia mengine.

Wiki ya pili, Mjomba Nassor alitumiwa mwaliko wa kuja kufuturu. Kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku, aliyefuturu kwa mtu alilala hapo hapo, kwa hiyo tulijua atakaa mpaka asubuhi, na nilijua, kwa kupitia majora ya vitenge, amekuja kusema nini. Alikuwa amesema jibu analitaka kabla ya Idi. Alifika mapema, akavuta kiti akakaa mlangoni mwa jikoni, tasbihi mkononi, akituangalia. "Na uyu anafanya nini hapa?" akauliza. Mama Salma hakugeuka. "Ana kazi," akasema. "Yeye ndiye ulimi ya nyumba. Bila yeye hatuli." Mjomba akainua nyusi zake mbili nzuri, akanitazama.

Hapo ndipo nilipokosea. Siku kumi nzima nilikuwa nimesema iko sawa, iko sawa, na mbele ya mtu yule niliona kwamba ulimi usiokosoa chochote haufanani na ulimi wa kazi. Nikajitia ujuzi. Nikachukua kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikafumba macho kama nilivyowahi kumwona padri akionja divai. "Chumvi bado," nikasema kwa sauti ya mtaalamu. "Bado sana."

Salma, aliyekuwa ametia chumvi dakika tano nyuma, akamtazama mama yake. Mama Salma akatazama bakuli, akanitazama mimi, akamtazama kaka yake pale mlangoni. Kisha akafungua kopo la chumvi yeye mwenyewe. "Ulimi umesema," akasema, na akamimina kiganja kizima.

Adhana ikatoka, tukakaa kwenye mkeka sebuleni, tende zikapita, halafu samaki. Namkumbuka Mjomba akiweka kijiko cha kwanza mdomoni na kusimamisha taya. Namkumbuka Hemedi akikohoa, macho yakijaa maji, akisema, "Odette, leo umeweza." Mama Salma alikula sahani nzima. Aliifuta kwa kiazi, akasema, "Kaka, ongeza," akamwongezea kabla hajajibu. Mjomba alinitazama muda mrefu, akainamisha kichwa, akala. Nami nilikula karatasi yangu kwa furaha. Nilikuwa sijawahi kuona watu wakila chakula kwa utulivu namna ile, na nikajisifu moyoni. Usiku walikunywa maji mengi, nikasikia mtungi ukiinamishwa tena na tena, na nikadhani ni kiu ya saumu. Asubuhi Mjomba aliondoka bila kutaja parokia. Ijumaa iliyofuata dereva wake alileta kikapu cha ndimu za uani kwake, kimefunikwa kwa majani, na ujumbe: "Ya ulimi." Nilikiweka kikapu kile karibu na kitanda changu, kati ya majora, kwa usiku mmoja, kisha nikaona haya nikakirudisha jikoni.

Siku tatu kabla ya Idi, kwenye kijiko cha tatu, kitu kilinirukia mdomoni. Niliruka nyuma nikagonga meza. Meno yote yalinisisimka, masikio yakaniwasha, machozi yakatoka. "Kali!" nikapiga kelele. "Mana yanje, Mungu wangu, ni kali!" Nilisahau kabisa kwamba kwa karibu wiki nne nilikuwa nimeipima ndimu hiyo hiyo kwa utulivu wa hakimu. Mama Salma aliacha kisu kikaanguka. Alinishika uso kwa mikono yake miwili yenye maji ya ndimu, yakaniingia machoni, akasema, "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Na chumvi? Sema, chumvi iko aje?" Nikaonja tena, sasa kweli. Kitunguu kilikuwepo! Dania ilikuwepo! Samaki alikuwa na utamu wake mdogo, wa mbali, chini ya vyote. "Haitoshi," nikasema. Akaanza kucheka na kulia pamoja. "Salma! Umesikia? Anasema haitoshi!" Salma naye akalia. Nilifikiri saumu imewalegeza. Nilikula bakuli zima jioni ile, nikala na kesho yake, na kufikia Idi nilikuwa na mashavu. Miezi michache baadaye barua ya mama yangu ilifika kutoka ng'ambo, yuko hai, baba pia, na mwaka ulipoisha walirudi wakanichukua. Mama Salma alinifungia kitenge cha manjano na ndimu sita.

Haya ndiyo niliyoyajua kwa karibu miaka thelathini, na nimewasimulia wanangu kama hadithi ya ujanja wangu: jinsi mama yenu alivyokuwa ulimi wa Waislamu akiwa hana ulimi, na hakuna aliyemshika.

Sasa alasiri ya juzi. Jikoni kwa Salma ni pale pale, dirisha ni lile lile, ingawa sasa kuna jiko la gesi, na samaki alikuwa amekaa wiki nzima kwenye barafu kama madaktari wanavyotaka. Salma amenenepa kama mama yake na anakunja mikono tumboni kama yeye. Nilikuwa nakata vitunguu, naye anakamua ndimu. Kisha, bila kusimamisha mazungumzo, alichovya kijiko kwenye bakuli, akagusa kwa ncha ya ulimi, akageuka, akatema kwenye karo, akasukutua. "Chumvi kidogo," akajiambia.

Nikaacha kisu. "Salma! Umefungua?"

"Kufungua nini?"

"Umeonja!"

"Nimegusa, nimetema. Sijameza." Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Mwenye kupika anaruhusiwa, Odette. Siku zote. Ungetaka tupike kama vipofu?"

Sisi Wakristo jikoni mwa Waislamu tunaingia siku ya Idi, kila kitu kikiwa kimeshaiva, na sikuwahi kuwa na sababu ya kujua. Niliuliza polepole, maana nilihisi sakafu ikiondoka. "Na mama yako alijua?"

"Mama ndiye alinifundisha, nikiwa na miaka tisa."

Ndimu ilikuwa ikidondoka kutoka mkononi mwake. Aliona uso wangu, naye wake ukabadilika. "Yoo," akasema. "Mi nilifikiri ulishajua. Miaka yote hii? Odette, sha, na zile siku zangu za mwezi, nilikuwa sifungi, nakula nyuma ya majora. Haukujiuliza kwa nini mi sikuonja?"

Sikuwa nimejiuliza. Nilivuta kile kiti cha Mjomba, au kilichorithi nafasi yake, nikakaa.

"Ulikuwa unakufa," Salma akasema. "Ulikuwa haukuli. Tukikubembeleza unanuna, tukikuacha unakonda. Mama alisema, 'Uyu mutoto hatakula cha bure. Tumupe kazi ya kula.' Basi."

"Na ile siku ya Mjomba? Chumvi?"

Akafunika mdomo, akacheka mpaka akashika meza. "Mana! Ilikuwa haiingii mdomoni! Hemedi mpaka leo anaiota. Wakati unanawa mikono, nilimwambia Mama, tuimwage, tuseme paka ameimwaga. Akanishika sikio. 'Maji iko,' akasema. 'Chumvi tutakunywa na maji. Lakini uyu akivunjika leo mbele ya watu, tutamutengeneza na nini?'" Akafuta macho kwa kiwiko. "Mjomba, kama sisi, alijua kwa kijiko cha kwanza kwamba ulimi wako umekufa. Baadaye, kwenye mtungi, nilimsikia anamwambia Mama: 'Nilikuja kumuchukua. Lakini mutu mwenye nyumba nzima inamukulia chumvi hivi, uyo si mugeni tena. Nikiulizwa, mi pia nitasema ni mutoto wa nyumba.'"

Nililia. Sina haja ya kulipamba neno hilo. Nilimlilia Mama Salma, ambaye kwenye mkeka wa msiba nilikuwa nimenuna kwa niaba yake bila kujua hata nusu ya alichokifanya. Nilimlilia akiwa na kiu usiku ule, akiinamisha mtungi kwa utulivu ili nisijue kwa nini. Nililia pia kwa hasira kidogo, kwa sababu nilikuwa nimenyang'anywa ujanja wangu wote kwa dakika moja, na mtu wa kununa hapendi kuonekana alibebwa. Hasira hiyo haikudumu. Salma aliniacha nilie, akaongeza chumvi yake, akachanganya, akachungulia nyama ikigeuka nyeupe kutoka pembeni.

Kisha akachukua kijiko kingine, kisafi, akachota samaki na kitunguu na kipande cha pilipili, akaninyooshea. Bado ilikuwa saa nzima kabla ya adhana.

"Umeshaonja," nikamwambia. "Hauna haja na ulimi wangu. Hamjawahi kuwa na haja nao."

"Onja we," akasema.

Nikafungua mdomo. Ndimu, chumvi, dania, na chini kabisa utamu wa ziwa.

"Iko sawa?" Salma akauliza.

Ilikuwa sawa kabisa. Nikatafuna taratibu, nikameza, nikafuta macho.

"Kijiko moja haijui kitu," nikamjibu. "Ongeza ingine."